Teraflopi 6.17 na 6.77: ni kadi gani ya grafiki iingie kwenye Dell yangu?

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mhariri wa video za harusi, sendofu na vipaimara hapa Mwanza. Natumia Dell OptiPlex ya mnara niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ina Core i5-6500, ramu GB 8, na kwenye pawa saplai imeandikwa wati 240. Haina kadi ya grafiki. Video za 4K zinakwamakwama, na nimeanza kujifunza Blender, programu ya picha za 3D, ili nitengeneze majina ya maharusi yanayozunguka. Dukani nimeonyeshwa kadi mbili: RX 580 ya GB 8 iliyotumika, na RTX 3050 ya GB 6 mpya ambayo bei yake inakaribia mara mbili. Nilipoziweka kwenye tovuti ya kulinganisha ndipo nilipochanganyikiwa. Zote zina viini 2304. Teraflopi ni 6.17 na 6.77, karibu sawa. Lakini RX 580 ina kumbukumbu kubwa zaidi, kasi ya kumbukumbu ni GB 256 kwa sekunde dhidi ya 168, na upande wa teksta ni bilioni 193 kwa sekunde dhidi ya 106. Kwa hesabu zangu RX 580 inashinda karibu kila mstari na tena ni rahisi. Kwa nini basi watu wananiambia nichukue RTX 3050? Wanalipia jina? Na jioni wanangu hucheza gemu la mpira humo humo."

Ndugu yangu, namba ulizonakili ni sahihi zote, na umelisoma jedwali hilo kwa makini kuliko wanunuzi wengi. Kinachokusumbua kinaeleweka: kadi moja inaonekana kushinda karibu kila mstari, bei yake ni nafuu, na bado watu wanakusukuma kwenye ile nyingine. Ukihisi kwamba unauziwa jina, huna kosa. Jibu langu ni kwamba kwa kompyuta uliyoieleza, chukua RTX 3050 ya GB 6, ya kampuni ya Nvidia. RX 580, ya kampuni ya AMD, haifai kuingia kwenye mashine hiyo, na hata ungeitafutia mashine nyingine, Blender ya sasa isingeitumia kurenda, yaani kutoa picha za mwisho, kwa injini yake ya Cycles. Lakini ni pesa yako, na sitaki uitoe kwa kuniamini tu. Twende kwenye namba zenyewe.

Tuanze na teraflopi. Wengi hudhani kuna mtu aliiwasha kadi, akaipima, akaandika matokeo. Hakuna kilichopimwa. Teraflopi, yaani trilioni za hesabu za desimali kwa sekunde, ni hesabu ya kuzidisha: idadi ya viini, mara mbili, mara mapigo ya kadi kwa sekunde. Ile mara mbili inatokana na uwezo wa kila kiini kuzidisha na kujumlisha kwa pigo moja, na wahandisi wanahesabu hizo kuwa kazi mbili. RX 580 ina viini 2304 na mapigo yake ya juu yaliyotangazwa ni gigahezi 1.34. Kwa hiyo 2304 × 2 × bilioni 1.34 ni trilioni 6.17 kwa sekunde, na ndiyo hiyo teraflopi 6.17 uliyoiona. RTX 3050 ya GB 6 ina viini 2304 pia, mapigo gigahezi 1.47: inatoka 6.77. Chukua kikokotoo cha simu ujaribu mwenyewe.

Mstari wa teksta, yaani picha zinazobandikwa juu ya maumbo, umetoka jikoni hilo hilo. RX 580 ina vitengo 144 vya teksta. Zidisha kwa 1.34 upate 193. RTX 3050 ina vitengo 72. Zidisha kwa 1.47 upate 106. Ona basi kilichotokea ulipolinganisha. Ulidhani una mashahidi wengi wanaosema jambo moja, kumbe mistari kadhaa ni mapigo yaleyale yakizidishwa kwa idadi tofauti za vitu vilivyomo ndani ya chipu. RX 580 kushinda mistari mitatu hakumaanishi kwamba imeshinda mara tatu.

Zaidi ya hapo, hesabu hiyo inatoa kikomo cha juu kabisa. Inachukulia kwamba kila kiini kina kazi kwa kila pigo, data imeshafika, na hakuna kitengo kinachomsubiri mwenzake. Programu halisi haiendi hivyo. Swali la maana ni kadi inafikia sehemu gani ya kikomo chake ikiwa kazini, na hilo halimo kwenye jedwali kwa sababu linategemea jinsi chipu ilivyosukwa na programu unayoitumia.

RX 580 yenyewe ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Ilitoka Aprili 2017, na mpinzani wake dukani alikuwa GTX 1060 ya GB 6 ya Nvidia, iliyotoka 2016. GTX 1060 ina viini 1280 tu na teraflopi 4.37. Kwa karatasi RX 580 inamzidi kwa asilimia 41. Waliozipima kwenye gemu wakati ule walizikuta zinakimbizana, hii ikitangulia kwenye gemu hili na ile kwenye gemu lile. Ile asilimia 41 ilikwenda wapi? Sehemu ilipotea kwenye usukaji. Kadi za AMD za kizazi kile zinazipanga kazi katika makundi ya nyuzi 64, na kila amri ya kundi inachukua mapigo manne kupita. Ili viini vyote vishibe, lazima kuwe na makundi mengi yanayosubiri zamu, na gemu nyingi hazikuwa zinaleta kazi kwa mpangilio huo. Sehemu nyingine ilitoka upande wa pili: GTX 1060 ikiwa imepoa vizuri hupiga juu kuliko gigahezi 1.708 iliyotangazwa, kwa hiyo ile 4.37 ilikuwa inaipunja. Kwa kadi moja namba ya karatasi ilikuwa ndoto ya mbali, na kwa nyingine ilikuwa makadirio ya chini.

Neno "kiini" nalo si kipimo kama kilo au lita. Kila kampuni, na kila kizazi ndani ya kampuni moja, kinalihesabu kivyake. Tazama kadi mbili za AMD zenyewe kwa zenyewe. RX 6650 XT ya Mei 2022 ina viini 2048, mapigo gigahezi 2.635 na teraflopi 10.79. RX 7600 ya Mei 2023 ina viini 2048 vilevile, mapigo gigahezi 2.655, karibu hakuna tofauti. Lakini jedwali linaipa teraflopi 21.75. Imeongezeka mara mbili, viini havikuongezeka, na mapigo yameongezeka kiduchu. Kilichobadilika ni kwamba kizazi kipya kinaweza kutoa amri mbili kwa pigo moja, ikiwa amri hizo zinalingana kwa masharti maalumu. Masharti hayo hayatimii mara nyingi, na kwenye gemu za kawaida RX 7600 iliizidi ile ya zamani kidogo tu. Aliyenunua kwa kuangalia teraflopi alitegemea mara mbili.

Nvidia nao walifanya jambo la namna hiyo mwaka 2020. RTX 2080 Ti ina teraflopi 13.45, RTX 3070 iliyofuata ina 20.31, na kwenye gemu zinakaribiana sana. Katika kizazi cha kwanza, viini vya hesabu za desimali vilikuwa na wenzao pembeni wa kushughulikia namba kamili. Katika kizazi cha pili hao wenzao walifundishwa desimali pia, wakahesabiwa kuwa viini, lakini namba kamili zikija ni walewale wanaoacha desimali na kwenda kuzihudumia. Na zinakuja kwa wingi: Nvidia wenyewe walieleza kwamba kwenye gemu, kwa kila amri 100 za desimali kuna wastani wa amri 36 za namba kamili.

Kwa hiyo teraflopi itumie kulinganisha kadi za ukoo mmoja na kizazi kimoja. RTX 3060 na RTX 3070, sawa. RX 6600 na RX 6650 XT, sawa. Ukivuka kutoka AMD ya 2017 kwenda Nvidia ya 2024, kama ulivyofanya, namba hiyo haina tena uzito wa kuamua chochote, hata kama zimeangukia karibu namna hii.

Sasa kumbukumbu, ambako hoja zako zina nguvu zaidi. Kasi ya kumbukumbu nayo ni ya kuzidisha. RX 580 ina njia yenye upana wa biti 256, na kila biti inapitisha gigabiti 8 kwa sekunde. Gawa kwa 8 kupata baiti, jumla GB 256 kwa sekunde. RTX 3050 ya GB 6 ina njia ya biti 96 tu yenye gigabiti 14, jumla GB 168. Hapo RX 580 kweli ina njia pana, na hilo lina maana, kwa sababu viini visivyofikiwa na data vinakaa bure. Wewe umehariri harusi nyingi, unalijua jiko la shughuli: waweza kuwa na wapishi arobaini, lakini kama mchele unatoka stoo kupitia mlango mmoja mwembamba, wapishi thelathini watasimama na miiko mikononi.

Ila upana wa njia nao hausomwi peke yake. Kadi za kizazi kipya zinabana data ya picha vizuri zaidi kabla ya kuipitisha, na nyingine zina kashe kubwa, yaani akiba ya data ndani ya chipu, inayopunguza safari za kwenda kwenye kumbukumbu. RTX 3060 ina GB 360 kwa sekunde na kashe ya MB 3. RTX 4060 iliyofuata imeshushwa hadi GB 272 lakini kashe imepandishwa hadi MB 24, na kwa jumla ni kadi yenye kasi zaidi. RTX 3050 ya GB 6 haina kashe kubwa ya namna hiyo, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba njia yake nyembamba haina madhara. Inayo. Hii ni kadi ya chini katika ukoo wake, na utaiona hivyo ukiipa kazi nzito.

Ukubwa wa kumbukumbu ni jambo jingine tena, na watu huuchanganya na kasi. GB 8 haifanyi kazi haraka kuliko GB 6 mpaka siku ile GB 6 inapojaa. Ikijaa, mambo yanaharibika ghafla: gemu linaanza kuruka, na DaVinci Resolve inakuletea ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU imejaa na kugoma kurenda. Kwenye taimlaini ya 4K ukirundika kusafisha chengachenga, rangi na vivuli juu ya klipu moja, GB 6 inaweza kujaa. Hapa RX 580 inashinda kwa haki, na kama kazi yako ingekuwa hiyo tu na kompyuta yako ingekuwa nyingine, ningeitazama kwa jicho jingine.

Tuje sasa kwenye yasiyoandikwa kwenye jedwali, ambayo kwa kazi yako ndiyo mazito.

La kwanza ni Blender. Hadi toleo la 2.93, Cycles, ile injini ya kurenda, iliweza kutumia kadi za AMD za zamani kupitia OpenCL, njia ya programu kuipa kadi kazi. Toleo la 3.0, Desemba 2021, liliondoa OpenCL kabisa, na njia mpya iliyowekwa kwa ajili ya AMD haizihudumii kadi za ukoo wa Polaris, ambako RX 580 imo. Maana yake ni kwamba utafungua Blender, utachora majina, utayazungusha na kuyaona kwenye skrini, lakini ukibonyeza kurenda kwa Cycles, kazi yote itarudi kwa i5-6500 yako yenye viini vinne. Teraflopi 6.17 zitakaa zikitazama. RTX 3050 inatumika moja kwa moja, tena kupitia OptiX, njia ya Nvidia inayotumia vitengo maalumu vya kufuatilia miale ya mwanga. Vitengo hivyo havimo kabisa kwenye hesabu ya teraflopi. Ungeweza kuviongeza mara tatu na ile 6.77 isibadilike hata nukta. Mtu anayejifunza Blender kwa ajili ya kipato, jambo hili peke yake linatosha kumaliza mjadala.

La pili ni umri wa drayva, programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha kadi. Tangu mwishoni mwa 2023 AMD wameziweka kadi za Polaris kwenye tawi la drayva la pembeni, na masasisho yake ni machache kuliko ya kadi mpya. RX 580 haitazimika kesho, lakini programu za video zinabadilika kila mwaka, na kadi ambayo mtengenezaji ameshaanza kuiaga inakuachia wewe mzigo.

La tatu ni kufungua video. Ulisema 4K inakwamakwama, na nadhani ulikuwa unategemea teraflopi ziondoe tatizo hilo. Mara nyingi kukwama kwa 4K kwenye taimlaini hakuhusiani na viini hivyo 2304. Video ya H.264 au HEVC imebanwa, na kila fremu lazima ifunguliwe kabla hujaiona. Kazi hiyo inafanywa na kipande kidogo cha chipu kilichotengwa kwa ajili yake. Core i5-6500 ina kipande hicho ndani yake, kinafungua H.264 vizuri na HEVC ya biti 8, lakini HEVC ya biti 10, ambayo simu nyingi hurekodi ukiwasha HDR, inakishinda. RTX 3050 inaifungua. RX 580 nayo inaifungua, tuitendee haki.

Lakini angalia kamera yako. Kama wewe au mpiga picha unayeshirikiana naye anarekodi biti 10 kwa mpangilio wa 4:2:2, kama zinavyoweza kamera nyingi za Sony za miaka hii, hakuna hata moja kati ya kadi hizi mbili itakayoifungua. Nvidia wameanza kuifungua 4:2:2 kwenye kizazi cha RTX 50 cha mwaka 2025. Kwa video za namna hiyo, dawa yako ni kutengeneza nakala nyepesi za kuhariria, zile proksi, usiku zikajitengeneza, asubuhi unahariri kwa raha, na programu inarudi kwenye faili halisi wakati wa kutoa kazi. Haigharimu chochote zaidi ya nafasi ya diski, na nasikitika kuona wahariri wakikopa hela za kadi kabla ya kujaribu hilo.

Sasa umeme. Kwenye jedwali lako, mstari wa wati ulikuwa kule chini, na hukuutaja kwenye barua. Kwa kompyuta yako huo ndio ulipaswa kuusoma kwanza. RX 580 imeandikwa wati 185. Prosesa yako ni wati 65. Tayari ni 250, na pawa saplai yako ni 240, hujahesabu diski, feni, ramu na mazabodi. RTX 3050 ya GB 6 ni wati 70. Sloti ya kadi kwenye mazabodi inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, kwa hiyo matoleo mengi ya kadi hii hayahitaji waya wowote wa ziada. Unachomeka, unafunga skrubu, unawasha.

RX 580 inataka plagi ya pini nane kutoka kwenye pawa saplai, na OptiPlex za ofisini za aina yako kwa kawaida hazina waya huo. Najua atakachokuambia muuzaji: kuna adapta, inageuza plagi ya diski ya SATA kuwa ya pini nane, bei ya soda mbili. Nakuomba sana, usiitumie. Plagi moja ya SATA imeundwa kupitisha ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Pini nane inatarajiwa kutoa hadi 150. Kadi haijui kwamba nyuma yake kuna waya mwembamba, itavuta inachotaka. Nimeshika plagi za namna hiyo zikiwa zimeyeyuka na kuganda pamoja na waya wake, plastiki imekuwa ya kahawia, na harufu haitoki kwenye kasha kwa wiki. Ikitokea hivyo usiku kompyuta inarenda na wewe umelala, hasara haitaishia kwenye kadi.

Na umeme unaulipia. Tofauti ya kadi hizi zikiwa kazini ni wati 115. Ukirenda au wanao wakicheza kwa jumla ya saa sita kwa siku, hiyo ni uniti 0.69 kwa siku, karibu uniti 21 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayonunulia LUKU, uone baada ya mwaka ile nafuu ya bei dukani imebaki kiasi gani. Joto nalo hilo hilo: wati 115 za ziada zinatoka kama hewa ya moto ndani ya kasha dogo lenye feni chache, kwenye chumba ambacho pengine hakina kiyoyozi.

Upande wa RX 580 iliyotumika kuna mtego mwingine ambao muuzaji mwenyewe huenda haujui. Nyingi kati ya kadi hizi zilichimba sarafu za kidijiti mchana na usiku kwa miaka. Uchimbaji hauiui kadi lazima, lakini feni zinachoka na pasti ya joto inakauka. Pia kuna toleo liitwalo RX 580 2048SP, lililotoka 2018 kwa ajili ya soko la China. Jina linafanana, kasha linafanana, lakini viini ni 2048 badala ya 2304, kwa kweli ni RX 570 yenye joho la 580. Kwenye tovuti ya kulinganisha ulisoma namba za kadi kamili. Dukani unaweza kukabidhiwa nyingine. Programu ya bure iitwayo GPU-Z inaonyesha idadi halisi kwenye kisanduku kilichoandikwa Shaders.

Upande wa RTX 3050 nako uwe macho. Ile ya GB 8 iliyotoka mapema 2022 ni kadi nyingine kabisa: viini 2560, njia ya biti 128, GB 224 kwa sekunde, wati 130, na inataka waya wa umeme. Yako ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, ni ndogo kuliko tofauti ya GB mbili inavyokufanya udhani. Matokeo ya majaribio unayoyaona mtandaoni yaliyoandikwa "RTX 3050" tu mara nyingi ni ya ile ya GB 8, kwa hiyo punguza matumaini kidogo.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, achana na namba za kuzidisha, tafuta zilizopimwa kwa kazi inayofanana na yako. Blender wana hifadhi ya wazi iitwayo Blender Open Data, ambako watu duniani kote wanapeleka matokeo ya kadi zao. Kwa Premiere na DaVinci Resolve, Puget Systems wa Marekani wamekuwa wakichapisha vipimo kwa miaka. Kwa gemu la mpira la wanao, usihangaike: kadi zote mbili zinalicheza vizuri kwenye skrini ya 1080p.

Kama bajeti inabana, nitakushauri jambo ambalo muuzaji wa kadi hatalipenda. Anza na ramu. GB 8 kwa 4K ni chache, na prosesa ikianza kuazima nafasi kwenye diski, kadi yoyote utakayoweka itakaa ikisubiri. Ifikishe 16, na kama bado unatumia diski ya kuzunguka, weka SSD. Hariri kwa proksi wiki mbili tatu. Inawezekana ukagundua kwamba kadi unaihitaji kwa ajili ya Blender tu, na hilo likakupa muda wa kukusanya. Kisha RTX 3050 ya GB 6 ndiyo hatua ya pili.

Kuna njia ya tatu, ya kusubiri zaidi: kujenga kompyuta nyingine yenye pawa saplai nzuri na kuweka RTX 3060 ya GB 12, hata iliyotumika. Ina teraflopi 12.74, GB 360 kwa sekunde, wati 170, na kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na RTX 3050, hapa kulinganisha teraflopi kunaruhusiwa: ni karibu mara mbili. Hiyo ndiyo kadi ningemtakia mtu wa harusi na Blender, na kumbukumbu yake ya GB 12 inaondoa ule wasiwasi wa kujaa. Lakini usiinunue leo ukaiweka kabatini. Kadi bila mashine haileti wateja.

Kabla hujalipa, fungua kasha la OptiPlex na upime kwa rula nafasi kutoka nyuma hadi kwenye fremu ya diski, kisha ulinganishe na urefu wa kadi ulioandikwa kwenye boksi. Kama kompyuta yako ni ile nyembamba na si mnara wa kawaida, utahitaji toleo la kimo kifupi, ambalo lipo kwa RTX 3050 ya GB 6. Kwenye baadhi ya kompyuta nyembamba za ofisini sloti imewekewa kikomo chini ya wati 75, kwa hiyo soma mwongozo wa modeli yako au mpe fundi namba yake akuangalizie.

Mpelekee fundi mashine yenyewe, usiishie kumpigia simu, ikiwa inajizima inapofanya kazi nzito, kama kuna harufu ya kuungua au mlio kwenye pawa saplai, au kama unafikiria kubadilisha pawa saplai hiyo. Dell wa ofisini mara nyingi hutumia plagi zao wenyewe kwenye mazabodi, na pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii bila kigeuzi sahihi. Hilo si jambo la kubahatisha nyumbani.

Na siku ya kununua, beba flashi yenye mradi wako mmoja wa kweli: dakika moja ya 4K iliyokusumbua, pamoja na faili lako la Blender. Mwombe muuzaji aichomeke kadi kwenye mashine yake, fungua GPU-Z, hakikisha viini ni 2304, njia ni biti 96 na kumbukumbu ni GB 6. Renda majina yale kwa Cycles ukiwa umechagua OptiX, acha kadi ifanye kazi dakika kumi na tano hivi, sikiliza feni, tazama joto. Akikataa kukuruhusu ujaribu, maduka ya kompyuta ni mengi; nenda la pili.